Futari ya Nazi kwa Kipimo: Kupika Jikoni Bila Kuonja

Siku za kawaida mpishi hupika kwa ulimi. Anatia chumvi, anaonja, anaongeza, anaonja tena. Ramadhani ikiingia, ulimi nao umefunga, ndiyo maana nyumba nyingi za pwani leo hula mbaazi chapwa na kesho muhogo wa kukausha koo. Wanazuoni wengi wamemruhusu mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme asimeze, lakini wapo wasiopenda kujitia mashakani kila alasiri. Kumwonjesha mtoto asiyefunga nako hakusaidii sana, maana mtoto husema kila kitu kiko sawa ili apewe kipande kingine.

Kilichobaki ni kipimo. Tenga kikombe kimoja na vijiko viwili, vitumie hivyohivyo mwezi mzima, na uandike ulichotia siku ile. Watu wakila wakasema chumvi imepungua, siku ya pili unasahihisha kwa robo kijiko badala ya kubahatisha.

Hapa kikombe ni cha mililita 250, kijiko cha chai 5, kijiko cha chakula 15. Vyote visawazishwe juu kwa kisu, visiwe na kilima. Viasi vinatosha watu 5 au 6 ambao mezani wana tende, matunda na kitu cha kukaanga pia.

Kuhusu chumvi, anza na kijiko cha chai 1 cha chumvi laini kwa kila kilo ya chakula pamoja na mchuzi wake. Kiasi hicho ni kidogo kwa makusudi: chumvi huongezwa mezani, haitolewi. Chumvi ya mawe isage kwanza, kwa sababu kijiko cha mawe na kijiko cha unga havilingani uzito. Na usitie chumvi yote mwanzoni kwenye chungu kitakachochemka saa nzima, kwani maji yanapopungua ukali unazidi.

Tui ndilo linaloamua

Futari ya pwani karibu yote imesimama juu ya nazi, kwa hiyo ukikosea tui umekosea meza nzima. Chagua nazi kavu iliyokomaa. Itikise sikioni: ukisikia maji yakicheza ndani, ni nzima. Isiyo na mlio huenda imepasuka na imeoza. Tazama macho yake. Yakiwa na unyevu au ukungu, iache. Koroma halifai, nyama yake ni laini na haitoi mafuta, tui lake ni kama maji yaliyooshewa kikombe. Ukishavunja, nusa kila kifuu kabla ya kukuna. Moja ikiwa na harufu ya kuoza itaharibu zote ulizochanganya, na wewe huonji.

Kwa chungu kimoja, zikune nazi 2 kubwa. Tia kikombe 1 cha maji vuguvugu, fikicha dakika 2, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ni tui zito, litenge. Rudishia machicha vikombe 2 vya maji vuguvugu, fikicha na kukamua tena. Hilo ni tui jepesi. Maji ya baridi hugandisha mafuta ya nazi yakabaki kwenye machicha, na maji ya moto sana yanaunguza mkono na kulipa tui harufu ya kupikwa. Mwenye blenda akate nazi vipande vidogo, asage na maji yaleyale kwa dakika moja, kisha achuje. Aliye mbali na minazi atumie kopo: mililita 250 za tui la kopo zisimame badala ya tui zito, na mililita 150 zinazobaki kwenye kopo la 400 zichanganywe na maji mpaka zitimie vikombe 2.

Tui hukatika kwa sababu tatu: moto mkali, kuachwa bila kukorogwa, na ndimu au nyanya kutiwa mapema. Mafuta ya nazi yameshikana na maji kwa msaada wa protini kidogo iliyomo ndani yake. Joto kali au uchachu ukiivuruga protini hiyo, mafuta yanapanda juu na chini kunabaki maji yenye chembechembe. Halidhuru kuliwa, ila sura yake haipendezi na mchuzi haushikani. Ndiyo sababu tui jepesi hupikia na tui zito humalizia. Ukishatia tui zito, punguza moto, acha mfuniko wazi, teka kwa upawa na kumimina, teka na kumimina, mpaka mapovu madogo yaanze pembeni. Likianza kutokota, dakika 5 zinatosha.

Muhogo, ndizi na magimbi

Muhogo kilo 1 na nusu kabla ya kumenya hukupa kama kilo 1 na zaidi kidogo. Nunua ule uliochimbwa siku ileile au jana yake. Vunja ncha: nyama iwe nyeupe tupu. Ukiona michirizi ya buluu au nyeusi, umeshakaa, na huo utabaki na vigumuvigumu hata uuchemshe hadi Isha. Muhogo mchungu usiutumie kwa futari. Una sumu inayohitaji kulowekwa au kukaushwa kwa utaratibu wake, na kuuonja jikoni mchana ndiko hasa usikokuweza. Nunua kwa muuzaji unayemjua.

Menya ganda la nje pamoja na lile nene la ndani, kata vipande vya urefu wa kidole, pasua kila kipande katikati na utoe uzi mgumu. Loweka kwenye maji. Kwenye sufuria weka muhogo, kitunguu 1 kilichokatwa, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, na tui jepesi vikombe 2. Ongeza maji mpaka yafunike muhogo kwa upana wa kidole. Chemsha wazi dakika 10, kisha funika nusu. Muhogo mzuri huiva kwa dakika 25 hadi 35. Choma kwa kisu: kikiingia bila kukwama na kipande kikaanza kupasuka chenyewe, umeiva. Sasa tia chumvi kijiko cha chai 1 na nusu, tui zito kikombe 1, koroga kama ilivyoelezwa, epua, na hapo ndipo ukamulie ndimu nusu. Ndimu ikitangulia, muhogo unakaza na hauivi vizuri, mbali na kulikata tui.

Ukitaka wa papa, loweka papa mkavu tangu baada ya Alfajiri, badilisha maji mara 3, mchemshe kando, umchambue, umtie wakati wa tui jepesi. Chumvi usitie kabisa. Anayetia chumvi juu ya papa bila kuonja atawakesha watu kwa kiu. Ukitaka wa nyama, nusu kilo ichemshwe mpaka iive kwanza. Supu yake itumike badala ya maji ya kuongezea.

Ndizi mbichi hupikwa vivyo hivyo, ila huiva upesi, dakika 15 hadi 20. Paka mikono mafuta kabla ya kumenya, utomvu wake haubanduki kirahisi, na kila ndizi itumbukize papo hapo kwenye maji yenye ndimu isiwe nyeusi. Suuza kabla ya kupika. Ndizi za mkono wa tembo huvumilia kuchemka. Aina ndogo hurojeka ukigeuka tu.

Magimbi yanataka subira. Yana fuwele ndogo kama sindano ambazo huwasha mikono yakiwa mabichi na kuwasha koo yasipoiva sawasawa. Yachemshe na maji peke yake dakika 15, mwaga maji hayo, ndipo uanze na tui jepesi. Yakiwa na ugumu katikati, usiyaandae. Ni heri wageni wale tende na uji kuliko kufuturu kwa koo linalowasha.

Mbaazi

Vikombe 2 vya mbaazi kavu viloweke usiku, baada ya Tarawehe, kwa maji vikombe 6. Kwa joto la pwani maji hayo yakipita saa 10 huanza kutoa povu na kuchacha, kwa hiyo wakati wa daku yamwage, tia mengine, na kama friji ipo weka humo. Mchana yamwage tena, chemsha kwa maji mapya. Mbaazi za msimu huu huiva kwa dakika 45. Zilizolala ghalani mwaka zinafika saa moja na nusu. Finya moja kati ya vidole viwili: isagike yote, isiwe na kiini kigumu. Ncha ya kijiko ya magadi hulainisha zile kaidi, lakini ikizidi unapata harufu ya sabuni na rangi ya kahawia.

Zikiiva punguza maji mpaka yawe sawa na mbaazi, tia tui jepesi vikombe 2, kitunguu, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, pilipili. Zikaukie kiasi, kisha tui zito kikombe 1 na chumvi kijiko cha chai 1 na nusu. Ziepue zikiwa bado na rojo jepesi. Mbaazi hunywa mchuzi zikikaa, na zile zilizoepuliwa nzito saa 11 zitakuwa zege ifikapo adhana. Za kula na mahamri ziwe nzito kidogo kuliko za kula na wali.

Uji wa pilipili manga

Hiki ndicho kitu cha kwanza kooni baada ya tende, kwa hiyo kiwe laini. Nusu kikombe cha mchele kiloweke saa 2, chuja, saga chenga ndogo, usisage unga. Koroga na kikombe 1 cha maji ya baridi kwanza. Ukitia chenga kavu kwenye maji yanayochemka, madonge hayatoki tena. Mimina kwenye vikombe 4 vya maji yanayochemka ukikoroga, acha dakika 20 kwa moto mdogo. Halafu tui zito kikombe 1, sukari vijiko vya chakula 5, pilipili manga iliyotwangwa papo hapo nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo ya ncha za vidole. Uache mwepesi kuliko unavyoutaka. Mchele wowote uliosagwa huzidi kukaza unapopoa. Ukikaza, maji ya moto kikombe robo unaurudisha. Pilipili manga ya pakiti iliyofunguliwa mwaka jana haina kazi.

Kaimati

Unguja wanasema kalimati, Mombasa kaimati, na kote malalamiko ni yaleyale: zimelala bapa, zimenywa mafuta, au zimeiva nje na ndani ni unga.

Unga wa ngano vikombe 2, hamira ya chenga kijiko cha chai 1, sukari kijiko cha chai 1, chumvi robo kijiko cha chai, mtindi vijiko vya chakula 2. Maji vuguvugu kikombe 1, lakini tia robo tatu kwanza, kisha yaliyobaki kidogokidogo. Unga haulingani, na mtindi mwingine ni maji matupu. Unachotaka ni kinyunga kizito kinachonata mkononi na kudondoka kwa shida. Kikimiminika kama cha chapati za maji, kaimati zitalala. Piga kwa mkono dakika 7 hadi 10, ukiinua kutoka chini na kukirudisha kwa kishindo, mpaka kivutike kama mpira. Anayeruka hatua hii anapata kaimati zenye mashimo ya ovyo.

Funika. Kwa hali ya hewa ya pwani, dakika 40 hadi 50 inatosha kuumuka mara mbili. Hamira haingoji adhana: kinyunga kikikaa saa 2 kwenye jiko la joto kinachacha, kinashuka, na kaimati zinatoka na mikunjo. Ukichelewa, kitie kwenye friji.

Mafuta yawe ya kina cha vidole vinne kwenye karai, moto wa wastani. Dondosha tone: lizame, kisha lipande taratibu likiwa na mapovu. Likirukia juu mara moja na kugeuka kahawia, moto ni mkali na ndani hakutaiva. Likikaa chini, mafuta ni baridi na kaimati zitayanywa. Lowesha mkono maji kidogo, finya kinyunga kitoke kati ya kidole gumba na cha shahada, kikate kwa kijiko au kidole. Usijaze karai, 15 kwa mkupuo zinatosha, nyingi hupoza mafuta. Koroga bila kusita tangu zinapoelea, hapo ndipo zinapata umbo la duara na rangi sawa. Zinachukua dakika 5 hadi 7.

Shira ipikwe kabla: sukari vikombe 2, maji kikombe 1, iliki 5 zilizotwangwa, na matone machache ya ndimu ili isirudi kuwa sukari. Isikorogwe ikishaanza kuchemka. Baada ya kama dakika 10, tone moja kati ya vidole viwili (lipoze kwanza, shira huunguza vibaya) livutike uzi mmoja. Kaimati za moto zitiwe humo, zigeuzwe, zitolewe. Shira ikiwa nyepesi, ganda linalainika kabla hujamaliza kuswali Magharibi. Anayependa zenye sukari kavu juu aipike mpaka uzi uwe mzito zaidi, azigeuze humo juu ya moto mpaka sukari ianze kuganda nyeupe.

Tambi

Tambi nyembamba gramu 250, mafuta vijiko vya chakula 3. Kaanga mpaka ziwe kahawia kama tende mbivu, usiondoke, baina ya kahawia na kuungua ni nusu dakika. Mimina vikombe 2 vya tui jepesi la moto, funika, moto mdogo. Zikishalainika, ndipo utie sukari vijiko vya chakula 6, iliki na zabibu kavu. Sukari ikitangulia hunyang'anya tambi maji nazo zikabaki ngumu. Palia mkaa juu ya mfuniko dakika 5 kama unatumia jiko la mkaa. Wa gesi aache kwa moto wa chini kabisa.

Sambusa zifanywe Shaabani

Kukaa kufunga sambusa saa 11 jioni ni kujitesa bure. Zifunge kabla ya mwezi kuandama, zigandishe. Nyama ya kusaga nusu kilo, kitunguu saumu na tangawizi kijiko cha chakula 1 pamoja, ndimu 1, chumvi kijiko cha chai robo tatu, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai. Kaanga bila mafuta mpaka ikauke kabisa, hata ilie kwenye sufuria. Ipoe, ndipo uchanganye vitunguu maji 3 vilivyokatwa vidogo na kukamuliwa maji kwa kitambaa, na kotmiri. Hizi unaziandaa ukiwa hujafunga, kwa hiyo onja mpaka uridhike.

Sambusa inayopasuka kwenye mafuta ina moja ya makosa mawili: nyama yenye maji, au pembe isiyozibwa. Gundi ya unga vijiko 2 na maji vijiko 2 ipakwe mpaka kwenye ncha. Zipange kwenye sinia zisigusane, zikishakuwa mawe ndipo zitiwe mfukoni. Siku ya kukaanga zitoke kwenye barafu moja kwa moja hadi mafuta ya wastani. Ukiziacha ziyeyuke, manda (karatasi za unga za kufungia) hulowa na kushikamana.

Saa za jikoni

Pwani ya Tanzania na Kenya, Magharibi huingia karibu na saa 12 na nusu jioni, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma. Mbaazi ziende motoni saa 9. Nazi zikunwe saa 9 na nusu, si mapema: tui likikaa kwenye joto kwa saa chache linachacha. Muhogo saa 10 na nusu, kinyunga cha kaimati saa 10 na robo, shira pembeni. Uji saa 11. Kaimati na sambusa ziingie mafutani saa 11 na robo. Tui zito liwe la mwisho, saa 11 na nusu, kwa muhogo na mbaazi pamoja. Mwenye jiko moja la mkaa aanze kila kitu saa nzima mapema na aache tambi siku hiyo.

Kilichobaki na daku

Chakula cha nazi hakilali nje. Ndani ya saa 2 baada ya kuepuliwa kiwe kwenye friji, na usiku wa joto kali hata saa moja ni nyingi. Asiye na friji atenge nusu ya mbaazi kabla ya kutia tui lolote, azichemshe upya baada ya Tarawehe, kisha wakati wa daku azichemshe tena na kuzitia tui la nazi iliyovunjwa papo hapo. Wali wa daku uliopikwa jioni utandazwe kwenye sinia upoe haraka kabla ya kuingia kwenye friji. Ukiachwa ndani ya sufuria iliyofunikwa unabaki vuguvugu usiku kucha na kuharibu tumbo. Upashwe mpaka utoe mvuke katikati.

Kwa daku weka kando papa, ng'onda (samaki wa kukausha) na achari, vyote vinaamsha kiu kabla ya Adhuhuri. Maharage au mbaazi, yai la kuchemsha na ndizi mbivu hukaa tumboni muda mrefu kuliko mkate mweupe na chai. Maji yagawe kuanzia Magharibi hadi daku, kikombe baada ya kikombe, kwa sababu lita nzima inayonywewa dakika za mwisho hutoka kabla jua halijapanda.